Mwenye Nyumba na Kitone cha Bluu

Wingu likitokea tu upande wa milima, hata likiwa dogo kama leso, mwenye nyumba wangu alianza kuzunguka nyumba nzima akichomoa waya. Alianza na runinga, akaja kwenye friji, akamalizia na chaja za simu, halafu akagonga mlango wa chumba changu.

"Mwalimu, chomoa."

Nikimwambia mbona jua bado linawaka, alinijibu jibu lile lile: "Umeme haupigi hodi."

Nilipanga kwake Manundu miaka minane, tangu nilipohamishiwa Korogwe kufundisha shule ya msingi. Nilifika nikiwa binti nisiyeogopa kitu. Niliondoka nikiwa mtu anayegusa soketi kwa nyuma ya vidole kwanza, kama alivyonifundisha, ili mkono ukishtuka ujifunge kwa ndani na kuachia, usije ukang'ang'ania.

Alikuwa fundi wa umeme. Kabla sijamfahamu alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mkonge upande wa Mazinde, akitunza mota za korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki singa, yaani nyuzi nyeupe. Habari za huko hakupenda kuzisema. Mara moja tu, tukiwa tunamenya mihogo uani, alinieleza kwamba mwenzake alikuwa amesimama karibu naye wakizungumza habari za mpira, na mkono wa mwenzake ukaenda na jani ndani ya mashine.

"Hakupiga hata kelele," alisema. "Aliniangalia tu, kama mimi ndiye nitakayemwambia kimetokea nini." Akaendelea kumenya. Baadaye akaongeza, "Mashine haina ubaya, mwalimu. Ila haina huruma."

Ungetegemea mtu wa namna hiyo azikimbie mashine. Yeye alizipenda. Sijaona mtu mzima aliyefurahi kama yeye alipofufua simu iliyotumbukia chooni. Barazani alikuwa na meza ya kufanyia kazi, na juu yake redio zilizofunguliwa matumbo, betri, vioo vya simu, na kopo la skrubu ambalo hakuna aliyeruhusiwa kulisogeza. Kwenye tangi la maji alifunga kengele aliyoitengeneza kwa spika ya simu mbovu, na tangi likijaa nyumba nzima ilijua. Juu ya geti aliweka simu kuukuu yenye kioo kilichopasuka iwe kamera, na picha zake zilikuja kwenye simu yake ya mkononi. Aliweza kukaa msikitini Ijumaa akajua kuku wa jirani wameingia.

Lakini simu ile ile aliyoiabudu aliibandikia plasta ya kidonda kwenye kamera ya mbele. Akitaka kusema jambo zito na mkewe aliiacha ndani akatoka naye uani. Programu yoyote mpya aliisoma masharti yake yote, kidole kikifuata mstari, kama anayesoma hati ya kiwanja. "Hii inataka kujua niliko," alinung'unika. "Kwa nini tochi itake kujua niliko?"

Mkewe alikuwa Msambaa wa Kwashemshi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliyeuza mboga sokoni na kutumia simu ya vitufe iliyofungwa kwa mpira. Sisi wapangaji tulimwita mama. Yeye mambo ya mumewe aliyachukulia kama mtu anavyochukulia mvua.

Mwaka mmoja mwenye nyumba alisikia kwamba siku hizi matapeli wanaweza kuiga sauti ya mtu kwa mashine, wakakupigia ukadhani ni mtoto wako analia. Habari hiyo ilimkaa vibaya. Siku tatu hakula vizuri. Kisha alituita wote sebuleni, hata mimi mpangaji, akatupa neno la siri la nyumba. Anayepiga simu na kudai ana shida aseme neno, la sivyo simu ikatwe.

Wiki haijaisha mama akapiga kutoka sokoni. Alikuwa amesahau funguo na anataka tumfungulie geti akirudi.

"Neno?" akauliza mume.

"Neno gani tena, baba Zaina?"

"Lile la siri."

Nilikuwa karibu, nikasikia sauti ya mama ikitoka kwenye spika bila haraka. "Neno la siri ni kwamba jana usiku umekoroma, na leo asubuhi umekula viazi vyote ukamwachia mwalimu maji ya mchuzi. Nifungulie geti."

Alifungua. Hakucheka. Mimi nilicheka sana, mpaka mama mwenyewe aliponieleza siku moja tukichambua mchicha. Walizaa watatu. Wawili walikwenda kwa homa kabla hawajaanza kutambaa. Zaina ndiye aliyebaki. "Sasa yeye," mama alisema, "anadhani mauti ni kama waya. Ukijua umepita wapi, unaukwepa." Akaendelea na mchicha wake.

Zaina nilimkuta darasa la sita. Sweta lake la shule lilikuwa limeshonewa kwa ndani kitambaa chenye namba tano za simu. Maji yake ya kuoga baba aliyapima kwa kipimajoto. Alipotumwa dukani baba alisimama getini akitazama simu yake, ingawa duka lilikuwa likionekana kwa macho. Mtoto mwenyewe alikua mcheshi na mkaidi kidogo, mwenye kupenda watu kuliko vitu. Simu kwake ilikuwa ya kupiga soga tu.

Alipopata nafasi ya kusomea uuguzi kwenye chuo kimoja Handeni, ilibidi akaishi huko kwa bibi yake, mama yake baba. Kwa fundi yule, Handeni ilikuwa nyumbani kwao, njia aliyoipita tangu utoto. Ghafla ikawa kama amempeleka mwanawe ng'ambo. Alimnunulia simu nzuri. Alikaa nayo siku mbili mezani kwake "akiiandaa", kisha akamkabidhi kwa maagizo mengi, mojawapo likiwa kwamba akiwa safarini aizime mlio, wezi wasijue ana simu ya maana.

Zaina akasafiri, na jioni ile ile baba yake aliniita barazani. Akaniwekea simu yake mbele. Kwenye ramani kulikuwa na kitone cha bluu.

"Huyo," alisema kwa sauti ya chini. "Yupo kwa bibi yake sasa hivi. Amekaa chumba cha mbele."

"Anajua?"

Akavuta pumzi. "Atajua siku akiwa na mtoto wake."

Nilitakiwa kusema neno pale. Nilikuwa mwalimu, na msichana alikuwa ananiita dada. Sikusema. Kusema kweli, kile kitone kilinituliza na mimi. Ikawa desturi. Nikirudi shuleni naulizia, "Mtoto hajambo?" naye anageuza kioo nione. Kwa mwaka mzima tulimtazama hivyo, yeye hana habari.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa Jumapili ya masika. Zaina alikuwa amekuja kupumzika, akaondoka baada ya chakula cha mchana kwa basi dogo la Handeni. Mama alikuwa Kwashemshi msibani, na huko mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mvua ilinyesha, ikakatika, ikanyesha tena. Nilikuwa nasahihisha madaftari barazani, naye yuko mezani kwake na redio ya mtu.

Nilisikia bisibisi ikianguka.

"Kimesimama," alisema.

Kitone kilikuwa kimepita Sindeni kidogo, kikasimama mahali ambapo hapana kituo, wala nyumba. Akapiga simu. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Nikamwambia huenda ni pancha, na simu si alimwambia mwenyewe aizime mlio? Akaitikia, "Ndiyo, ndiyo," lakini macho hayakuondoka kwenye kioo. Ikapita robo saa, ikapita nusu saa. Alikuwa anapangusa kioo kwa kidole gumba, tena na tena, kana kwamba kitone kimegandishwa na vumbi.

Halafu kikatembea, kwa kasi kuliko basi dogo lolote ninalolijua. Kiliingia Handeni mjini, kikapita njia ya kwa bibi bila kukata kona, kikaenda kusimama hospitali.

Hakupiga kelele. Uso wake ulibadilika rangi, ukawa kama majivu, na midomo ikaanza kuomba dua bila sauti. Alisimama, akakaa, akasimama. "Mwalimu, twende," akasema. Tulikwenda kwa jirani mwenye gari, tukamkuta anakula, akaacha sahani.

Safari ile naikumbuka kwa vipande. Mvua kwenye kioo cha mbele. Mwenye nyumba kiti cha mbele, mimi nyuma yake. Alikuwa ameinamia simu, akiniambia bila kugeuka, "Bado yupo. Bado yupo pale pale." Nami nilijikuta nafikiria kile ambacho hakuna aliyekisema: kwamba simu haijui kama mwenye simu yu hai.

Tulipopita Sindeni tuliliona basi dogo. Lilikuwa limeingia mtaroni, limelalia ubavu, tairi la mbele limechanika vipande. Watu walikuwa wamejikusanya pembeni chini ya turubai, wengine wamejifunika khanga. Dereva wetu akapunguza mwendo.

"Tusimame tuulize?"

"Usisimame!" Ndiyo mara pekee niliyomsikia akifoka. "Hayupo hapa. Yupo hospitali. Hayupo hapa!"

Tukapita. Niligeuka kutazama nyuma. Mvua ilikuwa nzito, nikaona mkono mmoja umeinuliwa juu, nikadhani ni mtu anaomba lifti.

Hospitali tulikimbia. Alikwenda akifuata ramani mpaka pale ambapo ramani haisaidii tena, akamshika muuguzi mkono. "Nyie ndugu wa aliyeletwa kutoka kwenye ajali?" muuguzi akauliza. Akaitikia kwa kichwa. Tukaongozwa wodi ya wazazi, na hata hapo hakujiuliza. Chini ya kitanda cha mwisho kulikuwa na mkoba wa Zaina. Juu ya mkoba kuna khanga ya Zaina, ile ya zambarau niliyomletea mwenyewe, na ilikuwa imelowa damu.

Mwenye nyumba alishuka taratibu, akakaa sakafuni, mkono umeshika mguu wa kitanda. Nikalazimika kunyanyua macho mimi nione aliyelala. Alikuwa mwanamke nisiyemjua, mwenye umri wa kunikaribia, na pembeni yake kichanga kimefungwa ndani ya shuka la hospitali.

"Sio yeye," nilisema. "Baba, sio Zaina."

Hakunisikia, au hakuamini. Ikabidi yule mama wa watu, aliye hoi, aeleze kwa sauti ndogo. Tairi lilipasuka, wakaingia mtaroni, hakuna aliyeumia sana, lakini yeye alikuwa na mimba kubwa na uchungu ukamshika pale pale. Binti mmoja aliyesema anasomea uuguzi alimshughulikia. Gari la watu likasimama, lina nafasi ya mgonjwa mmoja tu na mtu wa kumshika, akapanda naye abiria mwingine. Binti akamfunga khanga yake, akamwekea mkoba wake, simu ikiwa ndani, kichwani uwe mto, na yeye akabaki nyuma na mtoto mkubwa wa mgonjwa, wa miaka minne.

"Kabaki wapi?" akauliza mwenye nyumba kutoka sakafuni.

"Pale pale kwenye basi," mwanamke akajibu. "Pembeni ya barabara."

Tulirudi nje kutaka kuwafuata, na jua lilikuwa linaelekea kuzama. Hatujafika kwenye gari, bodaboda ikaingia getini. Nyuma ya dereva alikaa Zaina, ameloa chapachapa, ana matope hadi magotini, na mtoto mdogo amelala kifuani pake.

Baba yake alimwendea mikono imenyooshwa. Zaina alishuka, akarudi nyuma hatua moja.

"Shikamoo baba. Umejuaje mkoba wangu uko hapa?"

Mtu yule aliyejua kueleza kila kitu, kwa nini friji inavuma na kwa nini radi inapenda mnazi, alishusha mikono.

"Nimekuona ukipita," Zaina akaendelea. Hakupandisha sauti. "Karibu hivi, kama kutoka hapa hadi pale. Nimekuita. Nimekupungia mkono. Ulikuwa umeinamia simu."

"Mwanangu, nilikuwa..."

"Na wewe dada," akanigeukia, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Akatikisa kichwa polepole, kama muuguzi anayeandika maelezo ya mgonjwa. Kisha akampandisha mtoto begani vizuri na kuingia ndani kumpeleka kwa mama yake.

Kesho yake bibi alituma ile simu Korogwe kwa mkono wa mtu, imezimwa na kufungwa kwenye kitambaa. Zaina hakuja likizo iliyofuata. Aliwasiliana na mama yake kwa simu ya bibi, na baba akitaka kusalimia aliambiwa ametoka. Miezi mitatu mwenye nyumba wangu aliishi bila kitone. Nilishuhudia hofu ambayo sikuwahi kuiona hata siku ya mvua. Alikwenda stendi kila basi la Handeni likiingia, akiuliza madereva kama barabara ni nzuri. Alisahau kuchomoa waya. Wingu lilikuja, radi ikapiga, na runinga ikaungua. Hakuifungua kuitazama.

"Baba Zaina," mkewe alimwambia siku moja, akimwekea chai, "mtoto hapotei kwa kuwa humwoni."

"Wale wawili tulikuwa tunawaona," alijibu.

Mama akakaa. Nami nikaondoka polepole na madaftari yangu.

Zaina alikuja miezi hiyo mitatu ilipokwisha, bila kutangaza. Alikuwa na simu yake mwenyewe, ya bei ya chini, aliyoipata kwa kusuka nywele za wenzake chuoni. Alisalimia, akala, kisha akatandika mkeka barazani na kuiweka simu mbele ya baba yake.

"Nionyeshe," alisema. "Vyote vinavyoweza kumfuata mtu. Kila kimoja, na namna ya kukiondoa."

Alimwonyesha. Walikaa saa mbili. Nilikuwa mlangoni kwangu, nikaona kwamba hakumficha kitu, hata hila ambazo yeye mwenyewe alizitumia. Alizitaja moja baada ya nyingine kama mtu anayetoa miiba mguuni mwake. Walipomaliza Zaina akauliza, "Na sasa, humu ndani hakuna chako?"

"Hakuna."

"Nitajuaje?"

Alifikiri sana. "Hutajua," akasema. "Itabidi uniamini. Na sijui hata nikuombe vipi."

Zaina alipoondoka jioni alimwachia namba ya simu hiyo. Na ninasikia hadi leo huwafundisha wasichana wa huko anakofanya kazi namna ya kuzikagua simu wanazopewa zawadi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa shule nyingine upande wa Handeni. Mimi na wenye nyumba wangu tulipigiana simu sikukuu, kisha sikukuu moja moja, kisha tukaacha, kama watu wanavyoacha.

Mwaka huu nilikwenda Korogwe kwa shughuli za shule, nikapita hospitali kumwona mwenzangu aliyelazwa. Kwenye benchi la kliniki ya macho alikaa mzee mwenye kanzu ya kijivu na kofia mkononi, amenyooka kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nilimpita. Nikarudi.

"Shikamoo, baba."

Aligeuza kichwa, si kwangu hasa, pembeni yangu kidogo. "Marahaba. Sauti hii ni ya mwalimu."

Nikakaa. Akanieleza kwamba jicho moja lilikwisha funga kabisa, na hili la pili linaona watu kama kupitia maji ya mchele. Wanataka kulipasua leo asubuhi. Wamemwambia hatalala. Atakuwa macho, anasikia kila kitu, na atatakiwa asitikisike.

"Kwa mashine," alisema. "Nimewauliza ni mashine gani. Wamenitajia. Naijua inavyofanya kazi, mwalimu. Ningekuwa siijui ingekuwa afadhali." Mikono yake ilikuwa ikiizungusha ile kofia. "Naogopa."

"Mama yuko wapi?"

"Miguu inamsumbua, hatoki. Nimempigia Zaina. Sikuwa nimemwambia lolote, mwaka mzima namficha. Leo asubuhi nimemwambia yote, macho na hofu pia. Akasema, baba, nakuja."

Tulingoja. Benchi likapungua mtu mmoja, kisha mwingine. Kila mlango ulipofunguliwa mabega yake yalipanda. Muuguzi akatoka na karatasi, akaita jina lake.

"Binti yake yupo njiani anatoka Handeni," nilisema. "Hatuwezi kumngoja kidogo?"

"Daktari ana watu wengi, dada. Ni sasa."

Nikatoa simu. "Ngoja nimpigie nimuulize amefika wapi."

Aliuwekea mkono wangu kiganja chake. "Hapana. Mwache aje."

Akasimama. Akaniuliza mlango uko kulia au kushoto. Nikamwambia kushoto, hatua nne. Akanipa kofia yake, akahesabu kwa sauti ya chini, akashika fremu, akaingia. Mlango ukafungwa. Nilibaki na ile kofia mapajani, nikitazama geti atakapoingilia Zaina, ninaogopa kwa niaba yake.